Mate ya Mwonja Chai

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Bi Mkubwa anastaafu. Katutangazia saa tatu asubuhi, amesimama katikati ya meza mbili za kuonjea, kijiko bado mkononi, kwa sauti ileile anayotumia kusema maji yamechemka. Miaka thelathini na mmoja ni mwonja chai mkuu wa kampuni hii, na mwisho wa mwezi anakwenda nyumbani kupumzika. Mrithi wake atapatikana kwa mtihani. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Vikombe kumi na viwili visivyo na majina. Atakayevitambua ndiye mkuu.

Watahiniwa ni wawili. Mimi na Shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini hapa miaka tisa iliyopita, jambo ambalo namkumbusha inapofaa, na mara nyingine isipofaa. Ana ulimi wa wastani. Mimi nina ulimi.

Mchana, watu walipokwenda kula, nimejaribu kiti cha Bi Mkubwa. Kinanienea. Kinazunguka!

Kasoro ni moja, tena ndogo. Kinywa kimekauka. Si kiu. Kiu ningeinywea maji ikaisha. Huu ni ukavu wenye kiburi. Ulimi umelala mdomoni kama kipande cha gunia. Asubuhi naubandua kwenye kaakaa kama stempu. Biskuti moja inanichukua dakika nne, na njiani inasimama kupumzika. Hii ni wiki ya tatu sasa. Itapita.

Kwa kuwa mke wangu anaamini daftari hili ni la mambo ya bustani, naandika na siri. Vumbi la majani ya chai linanipigisha chafya. Mwonja chai mwenye aleji ya chai! Ni kama kinyozi anayeogopa nywele. Nikijulikana nimekwisha. Ndiyo maana nameza kidonge cha aleji kila asubuhi. Daktari aliandika kimoja. Tangu mwezi uliopita, shehena kubwa ilipoingia ghalani na vumbi likazidi, nameza viwili. Pua imetulia kama ya sanamu.

Jumanne, 4 Machi

Ajabu ya maajabu! Ulimi wangu umekomaa.

Tumeonja vikombe arobaini asubuhi. Karibu vyote vina ukakasi. Naandika hili kwa faida ya watakaosoma maisha yangu nikishakuwa mkuu: ukakasi ni ule mkwaruzo unaoshika ulimi na mashavu baada ya fundo la chai nzuri. Mtu anabaki anajilamba, anataka tena. Chai isiyo na ukakasi ni maji yaliyovaa nguo. Wanunuzi wanalipia ukakasi.

Zamani katika vikombe arobaini nilikuwa nikiupata kwenye vitatu, vinne. Leo nimeupata kwenye thelathini na vinne. Nimevipa alama tisa tisa bila uchoyo. Kumbe miaka yote hii nilikuwa bado mwanafunzi.

Shemeji kalipatia fungu la kumi na saba alama tatu. Kasema chai hiyo imekaa ghalani mpaka imesahau kwamba ni chai. Nikamwambia ulimi wake unahitaji likizo. Akajibu, wako naona umeshaondoka, shemeji, tena bila kuaga.

Bi Mkubwa kaonja fungu la kumi na saba mara mbili. Katema. Halafu kaniangalia. Si usoni, mdomoni. Kwa muda mrefu.

Anaona kipaji!

Jumatano, 5 Machi

Matatizo ya kiufundi.

Chai haionjwi kwa kunywa. Unachota kijiko, unaivuta kwa kishindo mpaka itawanyike kinywa kizima, unaizungusha, unaitema kwenye ndoo. Kazi yetu ina heshima zake, na heshima kubwa ni kutema. Mwonjaji wa kawaida anasimama hatua moja kutoka kwenye ndoo. Mimi natema kutoka hatua mbili, mstari mmoja ulionyooka, tone halidondoki. Watu wa ghala huacha kubeba magunia wakaja kutazama.

Leo wamekuja. Kikombe cha tano, mdomo wa chini umegandana na kijiko. Nimeachia mkono. Kijiko kimebaki kinaning'inia, peke yake, mbele ya watu sita. Nimekibandua kwa adabu, nikavuta chai, nikazungusha, nikasimama hatua mbili, nikatema. Haikwenda popote. Imeteremka kidevuni taratibu, ikaingia kwenye tai.

Shemeji kasema natema kama mtoto anayeota meno. Kaniuliza kama nahitaji kitambaa cha shingoni, kile chenye picha ya bata. Watu wa ghala wamecheka mpaka mmoja kakaa juu ya gunia. Bi Mkubwa hakucheka. Alikuwa anakitazama kijiko changu.

Jioni mke wangu kaishika tai kwa ncha za vidole, kauliza ni nini. Nimesema ni tai ya zamani. Kasema kaninunulia mwenyewe mwezi uliopita.

Usiku mzima nawaza. Na nimepata! Mtu akitajiwa limau tu, mate yanamtoka. Je, akilinyonya?

Alhamisi, 6 Machi

Limau linafanya kazi! Nimelikata vipande vinane, nikavifunga kwenye leso, nikawa nanyonya kimoja kila baada ya vikombe viwili nikijifanya napangusa pua. Mate yamefurika! Nimetema hatua mbili na nusu. Nimesikia mtu wa ghala akipiga mluzi. Nimejisikia kijana.

Baadaye kidogo nikaanza kugundua kwamba chai ya leo ina tatizo. Fungu la kwanza limechacha. La pili limechacha. Mpaka la ishirini na mbili, yote yamechacha. Nimeandika "IMECHACHA" kwa herufi kubwa mara ishirini na mbili, mkono ukaniuma, nikapeleka karatasi ofisi ya manunuzi nikiwa mbio, kwa sababu taarifa kama hii haisubiri.

Ofisi ya manunuzi ikazuia malori mawili getini. Madereva wakashuka. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye ninayesema kwamba chai mbichi ya jana imechacha, na aliuliza akiwa karibu sana na uso wangu.

Bi Mkubwa kaonja yote ishirini na mawili upya, amesimama, mpaka saa nane. Hakuna lililochacha.  Kaomba tu dirisha lifunguliwe, kwa sababu chumba kinanuka limau. Shemeji kauliza tunaonja chai au tunaiandaa. Nimesema ni sabuni yangu mpya.

Jino la chini, kushoto, limeanza kupiga kelele kila nikivuta hewa. Limau nimelistaafisha. Kesho ubani!

Ijumaa, 7 Machi

Ubani wa kutafuna, namaanisha bazoka, ya waridi, tamu, ya dukani. Mtu anayetafuna hutoa mate. Ni elimu ya kawaida. Nimeificha nyuma ya jino la mwisho, nikawa naitafuna nikigeukia ukuta.

Mpaka kikombe cha nane, mambo safi. Nilisahau jambo moja. Nikivuta chai, navuta. Kishindo changu kinajulikana mpaka jengo la pili. Kwenye kikombe cha tisa bazoka imeng'oka nyuma ya jino, imezunguka na chai, na sijui imetokaje, lakini imetoka, ikatua ndani ya kikombe kilekile, ikazama.

Nilikuwa bado naitafuta kwa ulimi wakati Bi Mkubwa, anayetufuata nyuma kuhakiki, alipochota kijiko.

Kainua juu, kwenye mwanga. Kazi imesimama. Kasema kwa utulivu kwamba katika miaka thelathini na mmoja amewahi kukuta msumari kwenye chai, amewahi kukuta kifungo cha koti, mara moja alikuta nyuki, tena mzima. Lakini hiki ni cha kwanza chenye alama za meno.

Nikamwangalia Shemeji. Nilimwangalia kwa huzuni, kama mtu aliyevunjwa moyo na ndugu. Wote wakamwangalia.

Shemeji kafungua mdomo wake, mpana, kamwonyesha Bi Mkubwa pande zote, kama farasi sokoni. Halafu kasema, zamu yako, shemeji. Nimejibu kwamba mtu mzima mwenye mke na watoto hakaguliwi kinywa hadharani.

Zimebaki siku saba. Bado naongoza, nikijumlisha uzoefu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshitakiwa na jino. Asubuhi nimekunywa maji baridi nikapiga ukelele, mke wangu kavaa viatu bila kuuliza, na saa nne nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Ni mama mfupi mwenye mikono ya fundi seremala. Mke wangu kakaa kwenye stuli karibu na mlango, mkoba mapajani, kama hakimu.

Daktari kaingiza kile kioo chake kidogo. Kikagandana na shavu kwa ndani. Kakivuta, kikatoa mlio. Kasema, kioo kikishagandana na shavu mimi sina haja ya kuuliza sana, lakini nitauliza.

Kwanza kanipa somo. Kumbe mate si maji ya bure. Ndiyo yanayofagia meno, yanayopoza makali ya asidi, yanayolainisha chakula. Ndiyo yanayoibeba ladha mpaka ikafika kwenye ulimi. Kinywa bila mate ni soko bila mfagiaji, kasema, na takataka zako zimeshafika hapa na hapa. Matundu mawili. Mapya.

Nimejitetea. Nimemwambia kinywani mwangu hupita vikombe mia mbili kwa siku, ukavu utoke wapi? Akauliza navimeza vingapi. Nimesema hata kimoja, sisi tunatema. Akaandika kitu.

Kauliza sigara. Sivuti. Kauliza sukari ya mwilini imepimwa lini. Mwaka jana, sawa. Kauliza kama nalala mdomo wazi. Kabla sijajibu mke wangu kasema, daktari, huyu anakoroma kama jenereta lenye mchanga, majirani wanajua amelala saa ngapi. Kauliza kama nina dawa ninayotumia, kwa sababu dawa nyingi zinakausha kinywa. Za presha, za usingizi, za kutuliza mawazo, za aleji.

Nimesema hakuna. Mtu wa ofisini kwetu akitibiwa meno anatibiwa hapa. Maneno yana miguu.

Mke wangu kainua nyusi moja. Hajui habari ya vidonge, lakini ananijua mimi.

Ikabidi nitumie akili. Nikasema nina rafiki. Rafiki huyo anameza vidonge vya aleji, viwili badala ya kimoja. Je, yeye afanyeje? Daktari kaweka vyombo chini. Kasema rafiki asiongeze wala asiache dawa kwa uamuzi wake, arudi kwa daktari aliyemwandikia amweleze ukweli, kwani kuna dawa nyingine, hata za kupulizia puani, ambazo hazikaushi kinywa hivyo. Kwa sasa anywe maji kidogokidogo mchana kutwa. Atafune bazoka isiyo na sukari, si ile ya watoto. Aachane na malimau, yanakula meno. Apige mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, asisukutue kwa zile dawa kali zenye pombe, maana zinazidi kukausha. Akilala, chumba kisiwe kikavu.

Halafu kasema nimsalimie rafiki, nimwambie jino lake la chini kushoto ataliziba Jumanne saa kumi, pamoja na lile la pili.

Njiani mke wangu kaninunulia chupa ya maji.

Ushauri ni mwingi mno. Mimi nimebakiza kipande kimoja tu, lakini kipande hicho ni dhahabu: vidonge vya aleji vinaweza kukausha kinywa cha mtu yeyote. Yeyote!

Jumapili, 9 Machi

Kuna siku mtu anabebwa na dunia! Shemeji kaja kula mchana kwetu. Ana mafua. Pua nyekundu, macho yanatiririka, kila neno analitamka kupitia kwenye leso.

Sikumlazimisha. Sikumtilia kitu kwenye chakula, mimi si mhalifu. Nimemwambia tu, kwa upole, kwamba nina vidonge vizuri vya kukausha pua. Nimempa boksi zima, jipya, halijafunguliwa, nisionekane mchoyo. Nimemwambia viwili viwili.

Mke wangu kanitazama kwa macho laini ambayo sijayaona tangu mtoto wetu wa kwanza aanze kusema "baba". Kasema, leo umekuwa mtu. Kaniongezea nyama.

Dhamiri imenisumbua kidogo. Nyama ilipoisha ikaacha.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna watu hawafai kufanyiwa wema.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Shemeji kanifuata kwenye kona ya mizani. Bado anapiga chafya. Kinywa kimejaa mate, nimeyasikia akizungumza. Mkononi ana ile karatasi nyembamba inayokunjwa mara kumi na mbili ndani ya boksi la dawa. Kaikunjua yote! Nani anasoma karatasi ile?

Kaweka kidole kwenye mstari. Kanisomea kama mwalimu: huweza kusababisha usingizi na kinywa kukauka. Kaniuliza, shemeji, wewe unameza vingapi? Nimemwambia hayamhusu. Kasema, kijiko kimening'inia, limau, bazoka, sasa hii. Mimi si mpelelezi lakini hata gunia lingeelewa.

Nikasubiri atishie. Hakutishia. Kasema hatamwambia Bi Mkubwa, hiyo ni kazi yangu mwenyewe. Kasema nikamwambie leo, atausogeza mtihani, wala yeye Shemeji hatapinga, kwani anataka kushinda na mtu mwenye ulimi. Kanirudishia boksi. Kasema kwa mafua yake anakunywa maji ya moto na kulala mapema, na kwamba dada yake asisikie niliyotaka kumfanyia, maana yeye mwenyewe ameshacheka vya kutosha.

Nimekaa kwenye mizani dakika kumi nafikiri. Kilo themanini na tatu.

Halafu nikagundua. Mtego! Safi kabisa! Anataka niache vidonge, ili Ijumaa vumbi linipige chafya kumi na tano mbele ya Bi Mkubwa. Eti nimwambie ukweli! Ukweli ndio panga lenyewe.

Kesho nameza vitatu.

Jumanne, 11 Machi

Vitatu ni vingi. Saa tano nimelala nikiwa nimesimama. Niliamka shavu likiwa ndani ya sahani ya majani makavu, na Bi Mkubwa akinibandua jani moja kwenye paji la uso. Kaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama kuna jambo lolote nataka kumwambia. Nimemwambia nilikuwa nanusa kwa karibu.

Kasema sawa. Kasema mlango wake uko wazi mpaka Ijumaa asubuhi.

Saa kumi nimezibwa meno mawili. Daktari kaulizia hali ya rafiki. Nimesema hajambo. Kanipa tyubu ya jeli ya kulainisha kinywa, kasema kidogo tu, kama punje ya mchele, kabla ya kulala. Ina ladha ya mnanaa. Nimepaka nikiwa njiani. Laini! Ulimi umeteleza kama mtoto kwenye matope! Mtihani nimeshaushinda!

Nimerudi kwenye vidonge viwili.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kayakuta maboksi. Matatu, ndani ya buti la mvua. Kayapanga mezani, moja juu ya jingine, kanisubiri.

Nimemweleza yote, isipokuwa habari ya Jumapili. Nilitegemea atapiga kelele. Kakaa chini. Kasema, baba watoto, mtihani ni wa kinywa, wewe kinywa huna, unakwenda kufanya nini huko? Kasema kesho mmoja wetu atafurahi na mmoja ataumia, na wote wawili ni wake, yeye atapika sufuria ileile. Lakini mimi niumie kwa haki. Nimwambie Bi Mkubwa kabla. Kanishika mkono. Mkono wake una alama za sindano, kwani ni fundi cherehani na haamini subana ya kukinga kidole.

Nimemwahidi kwamba nitasema.

Sikusema lini.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika upesi, mkono bado una joto.

Saa tatu kamili. Vikombe kumi na viwili kwenye kitambaa cheupe. Wakurugenzi wawili kwenye viti. Watu wa ghala mlangoni. Kabla hatujaanza, Bi Mkubwa kauliza kama kuna yeyote mwenye jambo la afya linalogusa ulimi au pua. Shemeji kainua mkono, kasema mafua yake yameisha lakini pua ya kulia bado ni nzito. Bi Mkubwa kaandika, kampa nusu saa ya ziada. Nikacheka kimoyomoyo. Kujitangaza mgonjwa mbele ya wakurugenzi! Halafu kaniangalia mimi. Nimesema niko imara.

Chooni nilikuwa nimepaka jeli. Si punje ya mchele. Nusu tyubu.

Mwanzo nilitisha! Kijiko hakikuganda. Kishindo kilitikisa dirisha. Nimetema hatua mbili, mstari, watu wa ghala wakasema aaah! Nimejisikia mkuu tayari. Lakini kikombe cha kwanza kilikuwa na mnanaa. Cha pili pia. Nikasema moyoni, Bi Mkubwa mjanja, kaweka chai za viungo. Nikaandika hivyo. Cha tatu jeli ikaanza kuisha, ukavu ukarudi kwa hasira, na cha nne, hicho cha nne! Ukakasi ulionishika ulimi, mashavu, mpaka mizizi ya meno. Nimeandika: "Chai ya milima ya juu. Majani machanga. Mwili mzito, ukakasi wa kifalme. Tisa na nusu."

Matokeo yamesomwa papo hapo. Shemeji: vikombe kumi katika kumi na viwili. Mimi: viwili. Na vikombe vyangu viwili vya mnanaa havikuwa na mnanaa.

Cha nne, kasema Bi Mkubwa, hakikuwa chai. Kilikuwa maji ya moto yaliyotiwa rangi kwa sukari iliyounguzwa.

 Halafu mlangoni mtu mmoja akarudia, taratibu, ukakasi wa kifalme. Jengo zima limeangua kicheko. Mkurugenzi mmoja kavua miwani akafuta macho. Shemeji peke yake hakucheka. Hicho ndicho kilichoniuma.

Bi Mkubwa kaniita ofisini, kafunga mlango. Hakukalia kile kiti. Kakaa kwenye kiti cha wageni, karibu yangu, kafungua droo, katoa kijiko chake, kakiweka kwenye mdomo wa chini. Kaachia mkono. Kijiko kikaning'inia.

Kasema ni vidonge vya presha. Miaka miwili sasa. Daktari kambadilishia mara mbili, kuna nafuu, anakula vizuri, analala vizuri, lakini ule ulimi wa kazi haukurudi. Aliwaambia wakurugenzi wiki ileile ya kwanza. Ndiyo sababu anastaafu. Kikombe cha nne alijionjesha mwenyewe kwanza, akajikuta amekipa alama tano. Siku ya tai alishanijua. Alingoja niseme. Alingoja Jumanne, alingoja leo asubuhi, akauliza mbele ya watu ili niwe na njia rahisi.

Nimemuuliza, na kama ningesema?

Kasema, ungesema tungesogeza. Mwezi, hata miwili. Ulimi wako ukiwa na mate ni bora kuliko wa shemeji yako, na yeye anajua.

Nimetoka nimebeba hiyo sentensi kama mtu aliyebeba sufuria ya moto bila kitambaa. Mke wangu kapika. Sufuria ileile. Shemeji kaja, kala, kaniachia kipande kikubwa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda kwa daktari aliyeniandikia vidonge. Nimesema yote. Imechukua dakika saba! Kaviondoa vidonge, kanipa dawa ya kupulizia puani na barakoa ya kuvaa ghalani. Nabeba chupa ya maji, nakunywa kidogokidogo. Natafuna bazoka isiyo na sukari, nje ya chumba cha kuonjea.

Na yamerudi! Mate! Siku ya nne nimeamka mto umelowa, mke wangu kanung'unika, mimi nimeimba. Nimetafuna biskuti sita. Leo nimetema hatua mbili. Nimeomba sampuli iliyobaki ya fungu la kumi na saba, nikaionja.

Mbaya sana. Alama tatu ni ukarimu.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa wino mweusi: mtu akiumwa aseme. Basi.

Jumanne, 1 Aprili

Habari njema! Nafasi mpya!

Leo Shemeji kakalia kiti. Neno lake la kwanza kama mkuu: anataka msaidizi, mtihani ni Alhamisi, na mimi ni mmoja wa watakaofanya. Watatu wengine ni watoto wa juzi. Nafasi ni yangu!

Kila mtahiniwa kapewa karatasi ya kujaza. Swali ni moja: una tatizo lolote la kinywa, pua au macho, au dawa unayotumia? Chini kaandika kwa mkono wake kwamba mwenye tatizo hatapoteza kitu, atasubiriwa mpaka apone. Aliponipa mimi kaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Kasema, shemeji, safari hii isome.

Nimeisoma. Mara mbili.

Jumamosi, kwa furaha ya mate, nilikunywa supu ikiwa bado inachemka. Nusu ya ulimi imeungua, ina malengelenge matatu, na tangu hapo chumvi na sukari naona ni ndugu mapacha. Daktari wa meno kasema siku kumi.

Alhamisi ni keshokutwa. Siku kumi! Niwaachie watoto wa juzi wakae wakingoja ulimi wangu, waanze kusema mkongwe kachoka? Na hiyo "atasubiriwa", nani kaniambia si mtego? Safari iliyopita kosa langu halikuwa kunyamaza. Kosa langu lilikuwa jeli.

Nimeandika: "Hakuna." Nimepigia mstari, mara mbili, nikaipeleka wa kwanza.

Tena mpango upo tayari, mwepesi, hauna ladha, haunuki, wala hauna alama za meno. Barafu! Kipande kimoja kila shavu!